Kidole cha Bibi Ng'washi

Bibi Ng'washi hawezi kupita penye mmea bila kuupima udongo wake. Huinama, akachomeka kidole, akakitoa na kukitazama. Kikitoka na udongo uliong'ang'ania, anaendelea na safari yake. Kikitoka kikavu, anakwenda kuchota maji. Ameishi hivyo tangu mtaa wetu wa Kiseke ulipokuwa na vichaka vingi kuliko nyumba, akilea mchicha, nyanya na maua ya kwenye makopo nyuma ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe.

Mwaka huu kidole hicho nusura kimtoe roho.

Jirani yake, Rachel, ni Mhaya aliyeolewa na Msukuma. Alipokwenda Muleba kumzika baba yake, alirudi na kipande cha mlamula. Kwao mlamula hupandwa makaburini na kwenye mipaka ya mashamba, na kipande hiki kilikatwa kaburini kwa babu yake, palipo pia kaburi la baba. Alikipanda kwenye ndoo ya rangi, akaiweka barazani. Kikachipua vizuri. Kiangazi kilipokolea, majani yakaanza kuwa ya njano, yakalegea.

Rachel akaongeza maji. Nani asingeongeza? Maji yetu huja kwa mgao, na siku bomba linapotoa, kila mtu hunywesha kila kitu mpaka kifurike, maana hajui yatarudi lini. Mlamula ukazidi kulegea. Akaongeza tena.

Ndipo asubuhi moja Luhaga, mdogo wa mume wake, akamkuta Bibi Ng'washi barazani, kidole kimezama ndani ya ndoo.

Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba bibi anafukia dawa kwa watu. Alasiri vijana walijaa mbele ya lango lake, mmoja ameshika dumu la petroli. Sitazunguka hapa. Kanda yetu imewafukuza wanawake wazee, na wengine imewaua, kwa ushahidi mwembamba kuliko huo. Macho mekundu yametosha. Macho ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote!

"Toka, bibi!" Luhaga alipiga lango kwa kiganja. "Jua lisizame ukiwa hapa!"

Lango likafunguka. Bibi alitoka na udongo mikononi, na watu walipoiona mikono ile wakaanza kunong'ona. Hakuna aliyemwamkia.

"Niende wapi, Luhaga? Ulipougua surua ulilala mgongoni kwa nani? Leo nimekuwa mchawi wako?"

"Usinizungushe. Ulifukia nini kwa shemeji?"

"Kidole."

Mtu mmoja akacheka. Luhaga hakucheka. "Mmesikia? Anakiri!"

"Nilichomeka kidole, kikatoka na tope. Nikabisha hodi nimwambie mwenyewe, hakuwepo. Mmea ule unakufa maji."

"Unakufa maji, na majani yamelegea? Mmea ukilegea una kiu, bibi. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Wenye kiu hulegea, na uliozidishiwa maji hulegea vilevile. Lakini wenye kiu majani yake hukauka kuanzia nchani, ukiyavunja yanalia. Udongo unajitenga na ukingo wa ndoo, na ndoo yenyewe unaibeba kwa mkono mmoja. Ukiunywesha, haukawii kusimama. Wenu mmeunywesha weee! Umesimama?"

Luhaga aligeuka kutazama barazani kwa kaka yake.

"Uchomoeni, muitazame mizizi."

"Hapana!" Ni Rachel, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu wote. "Ule umetoka kaburini kwetu. Ukichomolewa ukafa, nitawaambia nini nyumbani?"

Bibi akamtazama. "Basi nife mimi?"

Kijana mwenye dumu alianza kufungua kifuniko. Harufu ya petroli ikatufikia wote. Rachel aligeuka, akakimbia kwake, akarudi amekumbatia ndoo kwa mikono miwili, mgongo umepinda kwa uzito.

"Shikamoo, mama," akasema, akihema.

"Marahaba, mwanangu."

"Uchomoe wewe. Mimi siwezi."

"Lazima uwe wewe. Nikigusa mimi, watasema nimeweka kitu."

Rachel akapiga magoti vumbini, akashika shina, akavuta.

Harufu ilitangulia, harufu ya kinamasi. Kisha maji meusi yakammwagikia miguuni. Mizizi ilikuwa imeoza, na alipoigusa maganda yake yalibaki vidoleni mwake. Luhaga aliutawanya ule udongo kwa kiatu, akatafuta kitambaa, unyoya, hirizi, chochote. Hakukuwa na kitu. Bibi aliipindua ndoo. Chini ilikuwa nzima.

"Hukuitoboa."

"Ndoo nzuri," Rachel alisema kwa sauti ndogo. "Nilifikiri siku moja nitaihitaji kwa maji."

Hakuna aliyemcheka. Ni nani kati yetu hutoboa ndoo nzima?

Rachel akasimama, akaugeukia umati. "Ni mimi. Kila maji yalipotoka nilikuwa naumwagia, mwenyewe, kwa mikono yangu. Bibi hana kosa."

"Na kuku wa jirani Yeremia waliokufa, shemeji? Nao uliwamwagia maji?" Luhaga alidakia.

Sauti zikaanza kupanda upya. Hapo nikaelewa kwamba mizizi haikuwatosha. Hawakuja kutafuta sababu ya mmea kufa.

Rachel naye alielewa. Akauokota mlamula, akapita katikati ya vijana, akaingia kwa Bibi Ng'washi na kukaa kwenye kizingiti cha nyumba, miguu ikiwa na tope.

"Nipo humu, Luhaga. Leo nalala hapa, kesho pia. Ukitaka kuchoma, choma. Halafu umpigie kaka yako huko aliko, umweleze."

Luhaga alirudi nyuma hatua mbili. Kisha akamgusa begani yule wa dumu, wakaondoka. Wengine wakafuata, mmojammoja. Hakuna aliyesema pole, na mpaka ninapoandika haya hakuna aliyesema.

Ndani ya lango, Bibi aliketi kando ya Rachel, akalibonyeza shina kutoka chini kwenda juu. Chini lilibonyea kama ndizi iliyoiva sana. Karibu na majani ya juu lilikuwa bado gumu. Akalikata hapo, kipande kifupi tu, akakiweka kivulini jeraha likauke.

"Tukishakipanda, nikinyweshe lini?" Rachel aliuliza.

"Si leo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Najua utatamani."