Onyo la Mia Nne na Kumi na Mbili

Silvère hakupenda uchafu, wa nyumbani wala wa kazini. Alikuwa mzaliwa wa Bujumbura, baba wa mtoto mmoja, na huu ulikuwa mwezi wake wa tatu wa majaribio katika ofisi ndogo ya programu karibu na njiapanda ya Sonatubes. Bosi wake, Trinah, alimwambia waziwazi: programu ya kliniki ikabidhiwe Ijumaa bila onyo hata moja la kompyuta, ndipo apewe mkataba wa mwaka.

Maonyo yalikuwa mia nne na kumi na mbili. Kila msimbo wa programu ulipopita kwenye kompaila, ile programu inayoukagua na kuugeuza uweze kuendeshwa, orodha ilimwagika kwenye skrini. Karibu yote yalitoka kwenye mafaili yanayoandikwa na mashine yenyewe, yenye maneno juu kabisa: usiguse. Silvère aliyagusa. Wiki mbili aliyasafisha kwa mkono, na kila asubuhi mashine ikayaandika upya, machafu vilevile. Alijua anatwanga maji kwenye kinu, ila alitwanga kwa bidii.

“Zima maonyo yote,” mwenzake Ntare alimshauri. “Mustari moja tu. Nani ataangaria?”

Jumatano asubuhi, nyumbani Kinyinya, vumbi la malori ya wajenzi lilikuwa limejaa mezani tena. Silvère akaanza kufunga madirisha yote.

“Funga hii ya barabara tu, chéri,” alisema mkewe, Cécile. “Ile ya uani uache. Mutoto akianguka, tutamusikia namna gani?”

Silvère alisimama na kitambaa mkononi mpaka Cécile akamuuliza kama anaumwa.

Ofisini aliiamuru kompaila inyamazie folda ya mafaili ya mashine peke yake. Maonyo mia nne na kumi na moja yakatoweka. Likabaki moja, nalo lilisema uzito wa mgonjwa huenda ukatumika kabla haujajazwa. Ilikuwa hesabu ya dozi za watoto. Pembeni ya mstari palikuwa na jina la aliyeuandika: Silvère, wiki yake ya kwanza kazini. Aliona aibu hadi masikio yakawaka.

Angeweza kurekebisha kimya kimya. Lakini kliniki ilikuwa ikiijaribu programu tangu Jumatatu, na dozi iliyokwisha kunywewa hairekebishiki. Akaenda mezani kwa Trinah.

“Madamu, piga simu kliniki. Waache kutumia dozi ya watoto. Iko na kosa.”

“Ni ile mashini tena?”

“Hapana. Iko yangu.”

Trinah alimtazama, akapiga, akaweka spika. Nesi alisikiliza hadi mwisho.

“Ile hesabu yenu?” akasema. “Tuliiacha Jumatatu ileile. Tunafanya kwa karatasi.”

Silvère hakuwahi kufurahia kudharauliwa kama siku hiyo.

Ijumaa programu ilikabidhiwa bila onyo. Trinah akampa mkataba, wa miezi sita. Silvère aliusoma mara mbili, akaona ni haki, akatia saini.