Upinde Unaofika Mwisho wa Salamu

Nyani wa bondeni kwetu wanajua nani mwanamume na nani mwanamke, na mwanamke hawamhesabu. Mume wangu akikohoa tu kando ya jaruba la mpunga, wanatimua mbio hadi porini. Mimi nilipiga debe, nikapiga kelele, nikarusha mawe kwa teo mpaka bega likaniuma, na lile dume lao kubwa likabaki limekaa juu ya kichuguu likinitazama kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Siku moja nilivaa suruali ya mume wangu na barakashia yake, nikatembea nimetanua mabega. Dume likanigeuzia mgongo, likavuta suke la mpunga, likatafuna. Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, na suruali ya watu nimeitia matope.

Sikulilia mpunga wa kula. Mimi ni mzaliwa wa deltani, kwenye kisiwa cha wakata mikoko, nimeolewa huku Ruaruke. Mama alikuwa akilima kule kwa mbegu aliyoachiwa na mama yake, mpunga wa punje nyembamba zenye mkia mwekundu, ambao huku bara sijauona kwa mtu yeyote. Maji ya chumvi yalipoanza kupanda mashambani, mavuno yakapungua mwaka hadi mwaka, hadi mama akahamia Kibiti kwa kaka yangu. Mbegu yote iliyobaki ilikuwa kopo moja kubwa la maziwa ya unga. Akanipa mimi. Nikaipanda yote kwenye jaruba langu la pembeni, karibu na pori, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa langu mwenyewe. Nyani wakiumaliza ule mpunga, basi, mbegu imekwisha duniani.

Mpunga ulipotia maziwa, walimaliza kona nzima kwa siku tatu. Mume wangu ana shamba kubwa upande wa pili, hawezi kunishindia kwangu kutwa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama watoto, tuuvune ungali mbichi, tutwange pepeta. Bora wale watoto kuliko wale mashetani."

Pepeta naipenda, hasa ikiwa na nazi. Lakini mpunga wa pepeta huvunwa kabla haujakomaa, ukakaangwa na kutwangwa ukawa bapa, na humo mbegu haitoki. Nilimwomba anisubiri hadi Ijumaa ya wiki ya pili. Akakubali, ila akasema siku hiyo akikuta nyani bado wanakula, mundu anao.

Aliyetamka neno upinde ni wifi yangu, dada yake mume wangu, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili na moyo mwema ambao anauficha.

"Wifi, nyani haogopi kelele," aliniambia. "Anaogopa kitu kinachotoka mbali kikamfikia. Sisi baba yetu alitufunza sote, wanaume kwa wanawake. Mimi bega langu lishakwisha, lakini macho ya kuchagua ninayo."

Nina miaka arobaini na sita. Nimezaa watoto watano. Na nawaambieni, nilishikwa na furaha ya mtoto aliyeambiwa kesho Idi. Nilikuwa naosha vyombo huku navuta upinde usiokuwepo, mkono mmoja mbele, mwingine sikioni, mapovu yananitiririka kwenye kiwiko.

Tulipanda gari la asubuhi hadi Ikwiriri, tukachukua bodaboda mbili hadi Ngorongo, kwa fundi anayemjua wifi. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye tezo mkononi, anayechonga mipini ya majembe na shoka, na pinde kwa anayezitaka. Baada ya kusalimiana nilimweleza shida yangu, na kwamba sijawahi kushika upinde tangu nizaliwe. Akanionyesha upenuni. Pinde tisa zilikuwa zimeegemezwa ukutani, bado hazijatiwa uzi.

"Chagua, mama," akasema.

Hapo nikajiona mjuzi. Baba yangu alikata boriti maisha yake yote, nami nimekua nikiona mti unavyochaguliwa. Unauinua usawa wa jicho, unafumba jicho jingine, unautazama kwa urefu. Kisha unauegemeza mahali na kuukanyaga katikati. Ukinyooka na kugoma, ni boriti. Ukipinda, ni kuni. Basi nikaanza kuzikagua zile pinde moja baada ya nyingine, nimefumba jicho, nimekunja uso. Karibu zote zilikuwa na kipinda kidogo hata kabla ya kutiwa uzi. Nilizikandamiza kwa goti, zikabonyea. Nikazitenga kando kwa huruma, nikimwonea aibu fundi wa watu kwa kazi mbovu kiasi kile. Ulibaki mmoja nyuma ya mlango, mnene, mzito, umenyooka kama wa dukani. Niliukandamiza kwa nguvu zangu zote na haukutikisika.

"Huu hapa!" nikasema. "Nshachagua."

Fundi alimtazama wifi. Wifi akatazama barabarani. Nikaona kabisa kwamba mabega yake yanacheza.

"Wifi yako katoka wapi?" fundi akamuuliza.

"Deltani."

"Aa," fundi akasema, kama daktari aliyekwisha kuelewa. Akautia ule upinde uzi, na yeye mwenyewe akatoka jasho, kisha akanikabidhi. "Haya mama, vuta. Lakini usiuachie uzi mtupu, utapasua mti. Urudishe taratibu."

Nikavuta. Uzi ulikuja kiasi cha shubiri moja, ukagoma. Nikavuta tena kwa kutumia mgongo, kiuno na meno. Mikono ilinitetemeka mpaka mtandio ukanidondoka, uzi ukaniponyoka, ukanichapa mkononi paa! Wifi hakuweza tena. Alikaa chini kwenye vumbi la mbao akacheka hadi machozi.

"Bibi wee, hilo ulilochagua la kuezekea nyumba!" akasema. "Tumekuja kutafuta upinde, mwenzetu anatafuta boriti!"

Fundi hakucheka sana. Aliukagua kwanza ule upinde kama haukupata ufa, na akanieleza kwamba alimchongea mtu mwenye mikono mara mbili ya yangu, ambaye hakurudi kuuchukua. Kisha akanifundisha jambo ambalo tangu siku ile limenikaa kichwani. Mti wa upinde huwa haupimwi kwa kugoma, alisema. Unapimwa kwa kwenda na kurudi. Ndiyo maana anatumia mkole, mti ambao kule kwetu hata kujengea banda la kuku tusingeutumia. Na upinde wa mtu anayeanza anaupima kwa salamu.

"Vuta hadi shavuni, ushikilie, tusalimiane," akasema. "Ukitetemeka kabla hatujamaliza, huo si wako."

Akanipa wa kwanza. Nikavuta.

"Hujambo, mama?"

"Sijam…" Nikaurudisha. Mikono ilikuwa inacheza ngoma.

Wa pili nilifika kwenye habari za nyumbani. Wa tatu tuliulizana nyumbani, watoto na mzee, lakini kwenye habari za shamba sauti yangu ikawa imebanwa kama ya mtu aliyebeba gunia. Fundi akatikisa kichwa. Akachukua wa nne, mwembamba, mfupi kidogo, unaofika kidevuni nikiusimamisha chini. Niliudharau kwa kuutazama tu. Wifi ujanani alivuta upinde mzito wa baba yake, wote kijijini wanajua, na mimi nipewe kijiti hiki? Nilimwambia fundi wazi kwamba sitaki cha kitoto.

"Nyani atakuuliza unavuta uzito gani?" akanijibu. "Vuta."

Nikavuta. Uzi ulikuja laini hadi kwenye pembe ya mdomo, ukatulia. Hujambo, sijambo. Habari za kwako, njema. Watoto hawajambo, hawajambo. Mzee mzima, mzima. Shamba je, tunahangaika nalo. Mpunga, upo. Tumshukuru Mungu. Alhamdulillahi. Na mkono ulikuwa bado umetulia! Nilimaliza salamu yote nikiwa nimeushika, natabasamu kama bibi harusi, na nikahisi mgongoni nguvu ambayo sikujua ninayo. Nilisahau dharau yangu pale pale. Nilitaka kuubusu.

Mishale nayo ilikuwa kazi. Ilikuwa ya matete, na fundi alinifundisha kuuviringisha kila mmoja juu ya kucha za vidole na kusikiliza. Uliopinda unatetemeka na kugongagonga, ulionyooka unateleza kimya. Hapo jicho langu la boriti lilinisaidia, nikaigundua miwili mibovu ambayo yeye mwenyewe ilimpita. Wifi akasema kumbe si hasara tupu. Nilichukua yenye vichwa butu vya mti, visivyo na chuma, maana nilitaka nyani waondoke, sikutaka kuua wala kuingia matatani na serikali. Nikaing'ang'ania iliyotiwa manyoya ya kanga yenye vidoadoa, mizuri ajabu. Fundi akanipokonya, akanipa yenye manyoya meupe ya jogoo.

"Anayeanza huwa anakosa," akasema. "Ya kanga utaitafuta majanini mpaka magharibi."

Nikachukua minane, myeupe. Akanikatia na kipande cha mpira wa baiskeli cha kufunga mkono wa kushoto, uzi usinichune ngozi. Njia nzima ya kurudi niliupakata upinde wangu, na dereva wa bodaboda akaniuliza, "Mama, tunaenda vitani?" Nikamjibu ndiyo.

Nilijifunzia pale pale shambani. Kiroba cha pumba nikakiegemeza kwenye tuta, hatua kumi. Mshale wa kwanza ulipita juu. Wa pili ulianguka miguuni mwangu. Wa tatu ulikwenda ambako hadi leo sijui, manyoya meupe au si meupe. Mpira wa baiskeli niliufunga vibaya, mkono ukavimba na kubadilika rangi, na mume wangu akauliza nimepigana na nani. Lakini siku ya tatu mshale uliingia kwenye kiroba, tup! Pumba zikamwagika kidogo, nami nikaruka peke yangu katikati ya bonde nikipiga vigelegele. Majirani walidhani kuna mtu kajifungua.

Nyani walinizoea na mazoezi yangu pia. Walikuwa wanakula kona ya juu mimi nikilenga kiroba kona ya chini. Ilipofika Alhamisi, siku moja kabla ya ahadi, nilikuwa natoboa kiroba kwa hatua ishirini, ingawa si kila mara. Asubuhi ile dume likaja na watu wake wote, likakaa juu ya kichuguu chake. Niliinama, nikasogea kwa kufuata tuta, nikasimama. Likaniona. Likajikuna.

Mshale wa kwanza ulipita mbali. Halikujisumbua hata kugeuka. Wa pili ulianguka mbele yake, likautazama. Nikajiambia, we mwanamke, tulia, umesahau hata kuvuta hadi mwisho. Nikavuta hadi pembe ya mdomo, nikashusha pumzi, nikaachia. Mshale ulipiga kichuguu chini ya makalio yake, udongo ukaruka, na lile dume likaruka juu kuliko nilivyowahi kuona mnyama akiruka, likitoa sauti ya mlango uliokosa mafuta. Waliondoka wote. Watoto migongoni, mikia juu, mpunga ukiwadondoka vinywani. Nikawakimbiza hadi mpakani mwa pori nikipiga mayowe ya furaha, nimepoteza ndala moja.

Ijumaa baada ya sala mume wangu alikuja na mundu. Nyani walikuwepo, mbali, wamejipanga ukingoni mwa pori wakitazama. Nilisimama tu nikauinua upinde bila mshale, na wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Mume wangu akauchomeka mundu kwenye tuta, akanyoosha mkono.

"Hebu nami nijaribu," akasema.

Akakosa kiroba mara saba. Sikumcheka, au nilimcheka kidogo.

Mpunga ulikomaa. Niliulinda kutwa hadi siku ya kuvuna, na jaruba lile dogo, pamoja na kona iliyoliwa, lilinipa madebe mawili na nusu. Nilipima kibaba, nikakitwanga na kukipepeta vizuri, nikapanda gari kwenda Kibiti kwa mama.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilipoufungua mfuko hakuuliza habari za safari. Aliingiza mkono, akachota, akauleta karibu na macho, kisha puani. Nilijua keshautambua. Nikaanza kumweleza yote kwa pupa, upinde, fundi, dume lililoruka, nikasimama katikati ya chumba kumwonyesha jinsi ninavyovuta. Akaniinulia kiganja.

"Umeshatenga mbegu?" akaniuliza.

"Nshatenga, mama. Debe zima na nusu. Na wifi yangu kaomba bakuli moja akapande kwake."

"Hakyamungu?"

"Hakyamungu."

Aliurudisha ule mchele mfukoni punje kwa punje, hata zilizomgandia kiganjani. Kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga yake na kuniambia nikamletee sufuria.