Bundi wa Mtoni na Mviringisha Mavi

Hapana, hajahama. Amekwisha. Wale bundi wadogo wa kwenye mapaa bado wapo; mimi namsema yule mkubwa wa mtoni, rangi ya kutu, aliyekuwa anavua samaki kuwashinda baba zetu. Leo tembea kutoka Kibaoni mpaka Mlimba, humpati.

Enzi zetu, wenzangu, si tulikuwa tunashinda juu ya dungu kuamia ndege wasimalize mpunga, tunatafuna mihogo mibichi? Chini njiani anapita mviringisha mavi, kale kadudu keusi, anasukuma donge lake kinyumenyume kama mlevi na baiskeli. Tunampindua, tunamnyang'anya donge, anainuka anaanza upya. Wakati ule mavi ya nyati, leo ya ng'ombe wa wafugaji. Yeye hachagui, ndiyo maana amejaa tele. Wajukuu zangu wa mjini, Mlabani, wakimwona wanapanda juu ya viti: "Bibiii, dudu! Mi nakufa!" Hawafi.

Shule sikuiona mimi, ila sauti nikiisikia mara moja naibeba. Mjomba akikoroma, katekista akikohoa katikati ya sala, wote niliwaiga. Bundi ndiye niliyempatia sawasawa kuliko wote: "Huuuum... hu!"

Jioni moja nikalia hivyo nyuma ya nyumba ya shangazi, nimtishe binti yake tucheke. Sikujua kitoto chao kichanga kina homa. Asubuhi kikafa.

Shangazi, machozi yanamtiririka: "Bundi alikuja kumwita mwanangu, nimemsikia kwa masikio yangu!" Wanaume wakabeba mashoka, safari ya kwenye mkuyu wa mtoni, walikokuwa wanalala wale bundi wawili, dume na jike, wa mwisho upande wetu. Mviringisha mavi angeingia hata kitandani kwa marehemu, nani angemsingizia? Bundi ana macho makubwa na sauti nzito, basi, kesi imekwisha.

Baba yangu alitangulia na shoka begani. Nikamkimbilia, nikamvuta shati, nalia: "Baba, siyo wao. Mimi ndiye niliyelia jana. Nilikuwa natania."

Akasimama. Akageuka kuangalia kama wenzake wamesikia. Halafu akainama mpaka sikioni kwangu.

"Nyamaza. Bora wafe bundi kuliko wewe."