Upanga wa Mninga Ukweni

Mke wangu aliondoka asubuhi ya palizi ya pili, mtoto mgongoni, beseni la nguo kichwani, na hakuniaga. Aliyeniaga ni jirani. "We Mngoni wa simu!" aliniita kutoka ng'ambo ya uzio. "Mateka wako katoroka!" Akacheka mpaka akapaliwa.

Mngoni wa simu ndilo jina walilonipa mtaani, na kusema kweli lilikuwa na sababu. Mimi ni fundi seremala, shule niliishia darasa la saba, na vitu vingi ninavyovijua nimevipata kwenye simu. Humo ndimo nilimowaona Wazungu watu wazima, wengine na vitambi vyao, wamevaa vinyago vya waya na makoti mazito, wanapigana kwa panga ndefu za kushika mikono miwili. Nilidhani ni sinema, kumbe wanajifunza upya mapigano ya mababu zao kwa kufuata michoro ya zamani, mguu huu uwe hapa, kiwiko kile pale. Nilitazama mpaka bando likakata.

Nikabaki nawaza. Hapa Songea kila mtu ni mjukuu wa shujaa, na makumbusho ya vita tunayapita tukienda sokoni. Lakini muulize mtu babu yake alishikaje ngao, au alitanguliza mguu gani, anakukodolea macho kama umemtukana. Mimi nilitaka kujua. Sikuwa na sababu nyingine, nilitaka tu kujua mwili wa babu ulijisikiaje.

Basi nikachonga upanga kama wa wale Wazungu, kwa ubao wa mninga uliokuwa na ufa pembeni, wa kutupwa. Mke wangu wakati ule alikuwa mjamzito, usingizi wa mchana hapati, akawa anakaa mlangoni anaupiga msasa huku akinicheka. Rafiki yangu, dereva wa bodaboda, akajitengenezea ngao ya ngozi ya ng'ombe na rungu. Kila Jumamosi asubuhi tulikuwa tunakutana nyuma ya tanuri la matofali, helmeti za pikipiki kichwani, makoti tumeyajaza sponji za godoro. Mimi na vita vya kule, yeye na vita vya huku, na wote wawili hatuna mwalimu. Tukipigana vizuri tulikuwa tunakumbatiana kama watoto.

Watu hawakufurahi pamoja nasi. Wafyatua matofali walitupigia miluzi. Mwenye nyumba alisema hataki majambazi wa mazoezi kwenye vyumba vyake. Bosi wangu karakana ndiye alikuwa mbaya zaidi, kwa sababu alisema mbele ya wateja: "Huyu mumwangalie vizuri. Hapa tunatengeneza vitanda, yeye anatafuta vita." Na kazi yenyewe masika inakuwa haipo. Mvua zikianza, hela za watu wote zinaingia ardhini, kwenye mbegu na mbolea, na hakuna anayewaza kitanda mpaka avune. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa inategemea kile kishamba tulichokodi njia ya Madaba. Na siku ya shamba, kwa mke wangu anayeuza mboga sokoni wiki nzima, ilikuwa Jumamosi.

"Leo unakwenda wapi?" mke wangu aliniuliza asubuhi ile ya palizi.

"Kidogo tu, halafu nakufuata shamba."

"Wiki iliyopita ulinifuata?"

"Si nilichubuka goti, mama."

"Ulichubuka kwa jembe?" Akanitazama mkono uliokuwa umeshika koti la sponji. "Mahindi yamekuwa ya njano, yamefunikwa na majani. Mtoto nimembeba mimi, jembe nimebeba mimi. Wewe nenda kapigane. Ukimshinda huyo adui, muombe unga."

Niliporudi nyumba ilikuwa tupu. Alikuwa amekwenda kwao, upande wa Peramiho.

Kwetu, mke akirudi kwao humfuati kama unafuata baiskeli iliyoazimwa. Unamtuma mshenga kwanza, yule mzee aliyekupelekea posa, akapoze hasira na kupanga siku. Mshenga wangu alikwenda, akarudi amekasirika kwa niaba ya kila mtu. "Jumamosi asubuhi," aliniambia. "Mimi nitakuwa nimefika. Uje mikono mitupu, uje mdogo, unyamaze. Baba mkwe wako anataka kukutoa utumbo."

Usiku wa kuamkia Jumamosi ile nililala vibaya, nikaamka mapema mno. Nikaona nikapige mazoezi kidogo nitulie. Nikatulia kweli, tena nikasahau saa. Rafiki yangu ndiye aliyeshtuka, akanipakia kwenye pikipiki na jasho langu, tukaondoka kama tulivyo. Upanga ulikuwa mgongoni kwangu, ndani ya kiroba, mpini umechomoza juu ya bega. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba sikuusikia tena, kama mtu asivyoisikia kofia yake.

Ukweni kwetu huingii na silaha. Hata ukitoka shamba, panga la kufyekea unaliacha mpakani, kwenye kichaka, halafu ndiyo unapiga hodi. Hilo linajulikana hata na mtoto. Mimi nilichuchumaa katikati ya ua wa mkwe wangu, macho chini, mikono nimeikutanisha, nikasema kwa heshima zote, "Shikamoo baba," na mpini wa upanga ukamwelekea usoni.

Hakuitikia. Nikamwona mshenga wangu ameshika kichwa.

"Amekuja kumchukua kwa vita," baba mkwe alisema, wala hakusema na mimi, alisema na mshenga. "Mzee mwenzangu, mtu wako amekuja kutuua."

"Baba, hapana, huu ni wa mti tu..."

"Nimeongea na wewe?"

Mama mkwe, ambaye kwa adabu sikutakiwa hata kumtazama, alipiga yowe jikoni kama msibani. Mashemeji zangu wawili wakaja wamebeba michi ya kutwangia. Mmoja akauchomoa ule upanga kiroba na vyote, akaugeuza. "Tazama, kauchonga mpaka kauremba. Kitanda cha dada hakina hata chaga moja nzima ya kushika godoro!" Hilo lilikuwa kweli na liliniuma kuliko mchi.

Baba mkwe akasema ukachomwe. Akanyoosha kidole kuelekea mafiga. "Auchome mwenyewe, ndipo tuzungumze."

Shemeji akanirudishia, nikasimama. Mninga ulikuwa laini mkononi, na nilikuwa nalia, sitaficha. Lakini nilikwenda. Mtoto wangu alikuwa mle ndani mahali fulani na nilikuwa sijamsikia sauti yake kwa siku nyingi. Nilikuwa nimeshafika mlangoni pa jiko mke wangu alipotoka.

"Hakuna kuchoma," alisema.

"Wewe ndiye uliyelia hapa!" baba yake akafoka.

"Nililia kwa ajili ya palizi, sikulilia mti. Huo mti nimeupiga msasa mimi, na mimba ya mjukuu wenu, vidole vikitoka damu. Mnachoma jasho la nani?" Kisha akanigeukia mimi, na macho yake hayakuwa na huruma hata kidogo. "Na wewe, kwetu unaingia na upanga? Huna akili?"

"Sina," nilisema. Shemeji mmoja akacheka bila kutaka.

Mshenga akaona upenyo, akaanza kusema, na wazee wakasema mpaka chakula kikapoa. Adhabu yangu ikawa hii: upanga utaningoja darini jikoni, mke na mtoto watabaki, na mimi nitakuja kila Jumamosi kupalilia shamba la baba mkwe mpaka mahindi yatoe mbelewele. Shamba langu nilipalilie siku za katikati ya wiki, maana karakana hakuna kazi. Nikakubali kabla hawajamaliza.

Rafiki yangu alikasirika. "Umeniacha nipigane na migomba," alisema, na kwa wiki kadhaa alinipita barabarani bila kupiga honi. Kila Jumamosi nilikuwa nachuchumaa uani, nasema shikamoo baba, na yule mzee anaangalia paa. Shambani alisimama nyuma yangu na fimbo yake. "Unalima kama unamkwepa mtu." Au, "Huo mguu unauweka wapi, unakanyaga maharage!" Mtoto alinizoea tena polepole, kwanza alikuwa ananilia. Mke wangu aliniletea maji kwenye kikombe, anakiweka chini, anaondoka. Mara moja moja nilimwona anatazama mistari yangu, anainama kung'oa jani nililoliacha, makusudi nimwone.

Mbelewele zilitoka. Siku hiyo nilinawa kisimani, nikaja uani, nikachuchumaa. "Shikamoo baba."

Akaangalia paa. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwambie mumeo magari ya Songea yanajaa mapema."

Mke wangu akaingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni na beseni kichwani, akapita jikoni, akarudi na kile kiroba. Upanga ulikuwa umegeuka mweusi kwa moshi na unanuka dagaa. Hakunipa pale uani. Alitembea nao mbele yangu njia nzima, mpaka tulipovuka mpaka wa shamba la baba yake, hapo ndipo aliponitupia.

"Beba takataka zako," alisema. "Na kesho unatengeneza chaga."