Sketi za Buluu za Jumamosi

Jumamosi alasiri, ukungu ukishuka kutoka msituni na kujilaza juu ya chai, Marcella Kemuma alivua mabuti yake ya mvua mlangoni mwa klabu ya shamba, akavaa raba, akaenda kukaa kwenye piano. Siku nyingine zote alikuwa mke wa Nyamweya wa kiwandani, mama wa watoto, mwenye kibustani cha sukumawiki nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Lakini Jumamosi, vidole vyake vilipogusa tu zile funguo zilizovimba kwa unyevu, wasichana wa dansi walinyanyua mikono yote kwa pamoja, na yeye akahisi kana kwamba ni pumzi yake iliyowanyanyua.

Kupiga kinanda alifundishwa na masista wa misheni kule kwao Kisii, kinanda cha kukanyaga kwa miguu, nyimbo za kanisa tu. Alipoolewa akahamia Kericho, akawa anapiga kanisani. Madam Rebeccah, mke wa meneja mmoja, alimsikia huko. Madam alikuwa akifundisha watoto wa Wazungu dansi ya baleti, na gramafoni yake ilikuwa imekufa. Akamwomba Marcella aje. Marcella hakuwa amewahi kuiona dansi hiyo. Mara ya kwanza alipowaona wasichana wakisimama kwenye ncha za vidole, alisahau kupiga, akabaki anatazama mdomo wazi.

Kufikia mwaka wa 1969 familia nyingi za Wazungu zilikuwa zimerudi kwao, na ukumbi ulikuwa unapwaya. Madam akafungua mlango kwa mabinti wa makerani, madereva na wauguzi. Hapo ndipo Chepngeno alipoingia. Baba yake, Bethwel, alikuwa kerani wa kiwanda, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, asiyejua amfanyie nini binti yake siku ya Jumamosi. Msichana alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ya korongo. Alipocheza, hata Madam aliacha kuhesabu. Marcella naye alianza kupiga taratibu zaidi kuliko alivyoagizwa, ili mikono ya yule mtoto ichelewe kushuka.

Lakini Chepngeno alikuwa na tabia ya kupotea. Alikuja Jumamosi kadhaa mfululizo, kisha moja akakosa, kisha akarudi akiwa na furaha kama mtu aliyetoka hospitali. Alipoulizwa, alisema tumbo. Madam alinuna kidogo. Marcella aliyaweka moyoni.

Kisha ikaja Jumamosi ya mvua ya mawe. Mabati yalikuwa yakinguruma hata piano haikusikika vizuri. Wasichana walikuwa wamesimama ukutani, wameshika ile boriti ya kufanyia mazoezi, na Madam akawaita waje katikati ya ukumbi. Wote wakaja. Chepngeno hakuja. Alikuwa amebandika mgongo ukutani, macho yamemtoka, na alipogeuka kidogo kutazama nyuma yake, Marcella aliliona doa kwenye vazi lake jeupe.

Moyo wa Marcella ulirudi mbio hadi misheni. Alijiona akiwa msichana, amekaa kwenye kiti cha kinanda baada ya misa, hawezi kusimama, anapiga wimbo baada ya wimbo, huku waumini wakisema mtoto huyu ana bidii kweli. Alipiga mpaka kanisa likabaki tupu. Hakuna aliyemjia.

Akaacha kupiga.

"Madam, piano inanata," alisema kwa sauti. "Hii baridi imeshika funguo. Wape watoto chai kidogo."

Chai ilikuwa jikoni, upande wa pili. Wasichana walikimbilia huko wakicheka. Marcella akavuka ukumbi, akavua sweta lake, akamfunga Chepngeno kiunoni, akampeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa, mahali palipowekwa mapazia ya zamani na viti vilivyovunjika.

"Keti, mwanangu."

"Nitachafua."

"Chafua tu. Hiki kiti hakina mwenyewe."

Chepngeno akakaa, akaanza kulia bila sauti. "Mama, nimeharibika ndani," alisema.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Nimejua tu. Ilianza ile wiki tulifundishwa kutanua miguu sana. Nikapasuka. Nikakaa nyumbani, nikaomba Mungu, nikapona. Nikirudi kucheza, inapasuka tena."

Marcella alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Miezi yote hiyo mtoto huyu alikuwa anaamini kwamba dansi inamuua polepole, na bado alirudi kucheza.

"Hukuwa na mtu wa kuuliza?"

"Nitauliza nani? Baba? Na kogo yuko Chebunyo." Kogo ni bibi, mama wa baba yake.

Marcella akavuta kiti, akakaa magoti yao yakigusana. "Sikiliza. Hujapasuka. Hakuna kitu kimeharibika. Umekuwa msichana mkubwa, ni hivyo tu. Kila mwezi mwili unatandika kitanda, ukimngoja mtoto. Mtoto asipokuja, unatandua. Hiyo damu ni shuka zinatolewa. Mimi pia naona siku zangu. Mama yako aliona. Hata Madam anaona."

Chepngeno aliacha kulia. "Madam? Na anavyoruka vile?"

"Na anavyoruka vile."

Mlango ukagongwa. Ni Madam mwenyewe. "Marcella, huyu mtoto iko mgonjwa?" aliuliza, kwa kile Kiswahili chake cha mashambani.

Marcella angeweza kusema tumbo. Alimtazama Chepngeno kwanza, na msichana, baada ya kuvuta pumzi, akaitikia kwa kichwa.

"Si mgonjwa, Madam. Ni siku zake."

Madam aliufunga mlango nyuma yake, akakaa juu ya lile rundo la mapazia kama mtu aliyechoka. "Pole, Chepngeno. Mimi nilikuwa mdogo kama wewe. Mwalimu yangu ya dansi alisema, siku kama hiyo kaa nyumbani. Nikakaa. Kila mwezi nikakaa, mpaka nikaanza kuchukia dansi." Akatikisa kichwa. "Mimi hapana taka wewe ukae nyumbani."

Mvua ilikuwa imepungua. Ukungu uliingia dirishani kama mgeni anayejua njia.

Jumamosi iliyofuata walikutana watatu mapema. Madam alikuja na pedi alizonunua Nairobi, nene, za kufungwa kwa mkanda. Zilifaa kwa kukaa, lakini chini ya vazi la kubana zilionekana kama kitabu. Marcella akatoa flaneli laini, akaikunja nyembamba, akaishonea mifuko kwenye chupi nyeusi yenye lastiki ya nguvu, na kwa usalama akatia pini za nepi.

"Sasa ruka," alisema.

"Hapa?"

"Hapa. Kama itaanguka, ianguke mbele yetu."

Chepngeno akaruka. Akaruka tena, akazunguka, akatanua miguu hewani, na Madam akapiga makofi, na Marcella akainama kutazama kama fundi anayekagua mlango. Hakuna kilichosogea. Wakaanza kucheka, wote watatu, mpaka mpishi wa klabu akachungulia kuuliza kama kuna habari.

"Lakini chupi nyeusi itaonekana, na nikivaa sketi juu yake peke yangu, watajua," alisema Chepngeno, alipotulia. "Kama ni sketi nyeusi, wote tuvae. Kila Jumamosi. Hapo hakuna atajua ni nani."

Madam akamtazama Marcella, Marcella akayatazama yale mapazia ya zamani, mazito, ya buluu iliyokolea kama wino. Yalikuwa mengi. Wakayakata, wakayashona, Madam akishona mishono mirefu iliyobidi mingine ifumuliwe. Wasichana walipewa sketi zao bila hotuba. Waliambiwa tu kwamba kuanzia sasa wakicheza wajifunze kuisikiliza nguo inavyozunguka. Walipozunguka, ukumbi mzima ukawa kama ziwa linalovurugwa na upepo.

Neno jingine alilosema Madam ni kwamba mtu akitaka kwenda chumba cha nyuma, aende, asiombe ruhusa. Huko Marcella aliweka kikapu cha flaneli safi, sabuni, na chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa kwa mwenye kuumwa na kiuno. Aliyeumwa sana alilala kwenye mkeka akacheza kwa mikono peke yake. Marcella aliwapenda hasa hao wa kwenye mkeka, mikono yao ikielea juu ya sakafu kama majani yaliyoachwa na mto.

Mwezi wa Desemba wakafanya onyesho kwa wazazi. Madam alikuwa ametunga dansi ya ukungu, na ukungu hauvai buluu, kwa hiyo Chepngeno, aliyekuwa mbele, alishonewa vazi jeupe. Kabla ya kuanza alikuja kusimama kando ya piano.

"Mama, imekuja."

"Unataka nimwambie Madam akupe nguo nyingine?"

"Hapana. Nataka tu ujue."

Akaenda. Marcella alipiga akiwa hatazami vidole vyake. Msichana alitoka gizani kidogo kidogo, akafunika jukwaa, akapanda, akatawanyika, na kwa muda Marcella hakujua tena kama ni yeye anayempigia Chepngeno au ni Chepngeno anayempiga yeye kama kinanda. Aliona vilima vya kwao, kanisa tupu, msichana kwenye kiti cha kinanda akisimama hatimaye na kutembea hadi nje kwenye mwanga. Muziki ukaisha. Vazi lilikuwa jeupe vilevile.

Watu walipotawanyika, Bethwel alikuja kwenye piano, kofia mkononi.

"Mama, huyu mtoto ananituma flaneli dukani. Mimi nanunua tu. Siulizi."

"Umefanya vizuri, kerani."

"Ningeuliza, ningeuliza nini?" Akatabasamu, akatazama chini. "Mama yake angefurahi leo." Akavaa kofia akaondoka haraka, kabla macho hayajamsaliti.

Baada ya miaka michache mume wa Madam alihamishwa, na dansi ikaisha. Klabu ikafanywa ukumbi wa mikutano. Chepngeno alisomea ualimu, akapangiwa shule moja kule Mulot, na kila muhula, walisema watu, alifunga mlango wa darasa, akawatoa wavulana nje, akazungumza na wasichana waziwazi mpaka wakaacha kuona haya.

Marcella alirudi kwenye kinanda cha kanisa. Waimbaji walilalamika. Orina, kiongozi wa kwaya, alimwambia mara nyingi kwamba anachelewesha nyimbo, kwamba watu wanaishiwa pumzi kabla ya mstari kwisha. Marcella alisema ndiyo, atajaribu. Kisha wimbo ulianza, madirisha yakiwa meupe kwa ukungu, na mbele yake, juu ya vichwa vya waumini, mikono mingi iliinuka polepole, nayo haikutaka kushuka.