Dume Anayetembea

Juzi nilikuwa saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Isiolo wakati mzee mmoja, muuza ng'ombe, alipomsukumia mhudumu simu yake. Kwenye barua pepe ya tangazo ambayo mpinzani wake, mama mmoja wa Kinna, huwatumia wenye hoteli wanaonunua nyama, kulikuwa na picha inayosonga: dume anapiga hatua chache, anageuka, basi. Wenye hoteli wanamgombania huyo mama.

"Ng'ombe wangu ni wanono kuliko wake!" mzee akafoka. "Nitengenezee yangu imshinde."

Akataka jina lake liwake na kuzima, nyota zimwagike, moto uruke pembeni. Dume wake akabaki katikati, amesimama tuli. Mhudumu akalituma tangazo hilo kwa hoteli moja.

Kabla sijaondoka, jibu la hoteli likaingia. Mhudumu akalisoma: "Mzee, jina lako tumeliona linawaka na kuzima vizuri. Huyo ng'ombe je, anatembea?"

Mzee huyu hanunui hata mbuzi kabla ya kumtembeza sokoni akimwangalia miguu. Lakini wivu ulikuwa umemfanya amkazie macho yule mama tu.

Nilidhani ameelewa. Akaniinamia, akaninong'oneza: "Kwani yule dume wa mama anatembea mwenyewe, ama ni kompyuta inamtembeza?"