Amina Yangu ya Saa Nne

Hakuna kitu kilichonikera ofisini kama kile kikundi cha kazi kwenye simu. Tulikuwa ghorofa ya nne, katikati ya jiji, na kazi yetu kwenye mkataba ilikuwa kuokoa wanyama pori wanaokwama karibu na makazi ya watu. Kazi yenyewe, wacha nikwambie, ilikuwa kujibu ujumbe kwenye simu. Asubuhi mkurugenzi anatuma sala, sote tunaandika Amina. Halafu picha za maua. Halafu sala nyingine ya kuombea wiki. Ukinyamaza, kwenye mkutano wa Ijumaa unaulizwa mbele ya wenzako una shida gani. Mtu mzima, jamani, anaulizwa kwa nini hajasema Amina!

Mimi napenda kusoma, tena kupita kiasi. Kwenye droo nilikuwa na riwaya niliyonunua kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba kando ya barabara, na niliisoma chini ya meza, kurasa mbili mbili. Sasa hebu soma na kitu kinatetemeka kila dakika. Kwa hivyo nikapata ujanja: simu ikitetemeka, naandika Amina bila kusoma kilichoandikwa, narudi kwenye kitabu. Nilifanya hivyo miezi mingi, na mkurugenzi hata alinisifu kwamba niko macho.

Jumanne moja zamu ya dharura ilikuwa yangu. Saa nne hivi simu ikatetemeka, nikaandika Amina, nikafungua ukurasa. Kumbe ilikuwa pia siku ya kuzaliwa ya mhasibu, na wenzangu wakaanza kummiminia picha za keki. Simu ilitetemeka mpaka nikaitupa kwenye droo kwa hasira.

Nilipoitoa ilikuwa inakaribia saa saba. Huko juu, kabla ya keki zote, palikuwa na picha ya paa mdogo kwenye kichaka karibu na mto, mtaa wa Kitisuru, waya wa mtego umemkaza shingoni. Aliyeituma ni mzee mmoja mtunza bustani, tuliyemfundisha wenyewe na kumwingiza kwenye kikundi. Kupiga simu kulikatazwa. Kila habari ipitie kikundini ili mkurugenzi aione. Chini ya picha yake jibu la kwanza lilikuwa langu. Amina.

Tulifika na dereva saa nane. Njiani nililaani foleni, nikamlaani mkurugenzi, nikalaani keki, kila kitu isipokuwa mimi. Yule mzee alikuwa amechuchumaa kivulini, kofia mkononi. Paa alikuwa ameshakufa, amefunikwa kwa koti la kazi la mzee. Nikaanza kumweleza mambo ya kikundi, zile sala, zile kelele zote, maneno yakinitoka ovyo. Akaningoja nimalize. Niliona aibu mpaka nikatamani anitukane.

“Jirani alileta koleo saa nne na nusu, madam,” akasema. “Alitaka kukata hiyo waya. Nikamkataza. Mlitufundisha tusiguse mnyama, tuwangoje. Na wewe ulikuwa umeshajibu.”